Nani Atafyeka Nyasi

Neno "kujitolea" nililijua shuleni kabla ya kulijua nyumbani. Shuleni lilikuwa kwenye vitabu vya uraia na katika hotuba za wageni rasmi. Nyumbani Mwamapalala, mkoani Simiyu, kazi zilikuwa na majina mengine: zamu, deni, msiba, harusi, shamba la fulani. Mtu akija kukusaidia kuvuna pamba, hajajitolea. Amekuja kwa sababu mwaka jana mlikwenda kwake, au kwa sababu wiki ijayo mtakwenda kwake, na kila mmoja anakumbuka bila kuandika popote.

Kwa hiyo mwaka jana, nilipowaarifu watu wa nyumbani kwamba nakwenda Kilwa kujitolea kwa miezi miwili, nilipata taabu kidogo kueleza. Ilikuwa Juni, pamba iko shambani, na mimi nakwenda upande mwingine wa nchi kutunza misikiti na majumba ya wafalme waliokufa zamani. Mama aliuliza kama wenyewe wapo. Nikasema wamekufa miaka mia kadhaa iliyopita. Akauliza kama hawana watoto wala wajukuu wa kufanya kazi hiyo. Niliahidi kumletea jibu.

Kilwa Kisiwani iko mkoani Lindi, kiasi cha kilometa 300 kusini mwa Dar es Salaam. Ukisimama ufukweni Kilwa Masoko unakiona kisiwa ng'ambo ya mkondo, na ukuta wa Gereza ndio unaokupokea kabla hujashuka kwenye boti. Sisi tunaosoma uzamili wa urithi wa utamaduni tunakijua kisiwa hiki kwa tarehe zake. Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331, akakuta mji wa Waislamu chini ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Dhahabu iliyotoka bara kupitia Sofala ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Masultani wake walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Husuni Kubwa, jumba lililojengwa juu ya mwamba mwanzoni mwa karne ya 14, lilikuwa na vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane. Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji, wakajenga ngome, wakakaa miaka michache wakaondoka. Gereza la leo ni kazi ya Waomani, lililojengwa kiasi cha mwaka 1800 juu ya mabaki ya ngome hiyo.

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na ya jirani yake Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2004 yakaingizwa katika orodha nyingine, ya urithi ulio hatarini. Yaliyoyaweka hatarini yalikuwa mambo ya kawaida kabisa: mvua, mizizi ya miti ndani ya kuta, na mawimbi yaliyokula ufukwe. Sehemu ya Gereza ilishaangukia baharini. Miaka kumi baadaye, mwaka 2014, yakaondolewa kwenye orodha hiyo. Kuta zilikuwa zimeshikizwa, mikoko imepandwa, vizuizi vya mawimbi vimewekwa, na wanakijiji wamefundishwa kujenga na kukarabati kwa chokaa.

Hadithi hiyo tunaipenda darasani kwa sababu ina mwisho mzuri. Nilichokwenda kukiona ni kinachofuata baada ya mwisho mzuri.

Kinachofuata ni nyasi.

Masika inapokwisha, mwezi wa Mei, nyasi za Kisiwani zinakuwa zimefika kiunoni. Juu ya kuta, kwenye kila ufa wenye udongo kiasi cha kijiko, umeota mche. Mche huo ukiuacha mwaka mmoja unang'oka kwa mkono. Ukiuacha mitatu, unahitaji panga. Ukiuacha kumi, mizizi yake ndiyo inayoshika ukuta, na ukiung'oa unang'oa na ukuta. Fundi mzee aliyetuongoza alituambia jambo hili siku ya kwanza, na naona ndilo somo kubwa kuliko yote niliyosikia kuhusu uhifadhi. Gofu linadai kazi ndogo kila mwaka. Likikosa kazi ndogo, baada ya muda linadai kazi kubwa, na kazi kubwa inahitaji wafadhili.

Tulikuwa wanafunzi watano. Mpango uliotuleta ulitupa nauli, mahali pa kulala na posho kidogo ya chakula. Asubuhi tuliondoka kabla jua halijapanda, tukafyeka hadi saa nne, tukapumzika, tukarudi jioni. Upepo wa kusi ulisaidia. Mimi nililelewa na jembe, kwa hiyo panga halikunisumbua. Kilichonisumbua ni utani. Kilwa inawajua Wasukuma kwa ng'ombe, hasa tangu wafugaji walioondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007 walipoelekezwa mkoani Lindi. Kila niliyemwamkia alinijibu marahaba, akaniuliza kwetu wapi, nikisema Simiyu, anaangalia nyuma yangu. "Ng'ombe umewaacha wapi, binti? Wameshindwa kupanda boti?" Bibi aliyetupangisha chumba alikuwa anaongeza kwamba Msukuma anayefyeka nyasi bila ng'ombe wa kuzila ni jambo geni kabisa.

Wiki ya pili tulianza kazi ya chokaa.

Zamani za karibu watu walitengeneza kuta hizi kwa saruji, kwa nia njema. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la tumbawe. Inaziba. Unyevu na chumvi ya bahari vikiingia ukutani vinakosa pa kutokea, vinatokea kwenye jiwe lenyewe, na jiwe linachubuka na kumong'onyoka huku kiraka cha saruji kimebaki kizima. Chokaa ni laini kuliko jiwe, inapitisha unyevu, na ikichakaa inachakaa yenyewe, jiwe linabaki. "Saruji haina adabu," fundi alisema. "Ikikaa na jiwe inataka kuwa juu yake."

Chokaa haiuzwi dukani kwa namna wanayoitaka. Inachomwa. Magogo yanapangwa duara, gogo kwa gogo, safu kwa safu, hadi rundo linafika kifuani. Hilo ndilo tanuu. Juu yake yanapangwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, yamepasuliwa vipande vya kushikika kwa mkono mmoja. Moto unawashwa katikati, na usiku kucha watu wawili wanakaa kuulinda. Asubuhi mawe yamekuwa meupe na mepesi. Yakimwagiwa maji yanachemka, yanapasuka, yanakuwa unga. Unga huo unachekechwa na kuachwa muda mrefu kabla ya kuchanganywa na mchanga. Fundi hakuwa na kipimo cha maandishi. Alichota kwa mwiko, akageuza mwiko, akaangalia mchanganyiko unavyoachia. Ukiachia haraka, anaongeza. Ukiganda, anaongeza kingine. Niliandika kwenye daftari kila alichofanya, na baada ya siku nne niliona kwamba daftari langu halitaweza kumfundisha mtu kazi hii. Inafundishwa kwa kubeba karai nyuma ya mtu anayeijua.

Baba yake fundi alikuwa kibarua kwenye uchimbaji wa Neville Chittick, mwanaakiolojia Mwingereza aliyechimba Kilwa kati ya mwaka 1958 na 1965. Vitabu viwili vya Chittick vilitoka mwaka 1974, na bado ndivyo tunavyoanza navyo darasani. Fundi hajawahi kuviona. Lakini anajua ni wapi shimo lipi lilichimbwa, nani alianguka ndani yake, na mchanga uliotoka ulimwagwa upande gani.

Katikati ya mwezi wa pili, fedha za kulipa vibarua zilikwisha. Hili halikuwa jambo la kushangaza. Kila mradi una tarehe. Bado upande wa nyuma wa Msikiti Mkuu haukuwa umefyekwa, wala eneo kubwa la Makutani. Kamati ya magofu ya kijiji ikaitisha mkutano chini ya mwembe na kuwaomba vijana waje Jumamosi kufyeka, kwa kujitolea.

Kijana mmoja, mvuvi, akanyoosha mkono. Aliongea kwa upole, bila kumwangalia mtu. Alisema, "Yule dada Msukuma amejitolea, tumemwona, anafanya kazi kweli. Sasa naomba kuuliza. Nauli alipewa na nani? Analala wapi? Chakula anakula cha nani? Kama kujitolea ndiko huko, na mimi nipeni."

Watu walicheka, na mimi nilicheka, kwa sababu swali lilikuwa zuri. Halafu kicheko kikaisha, na hakuna aliyelijibu.

Nimelifikiria swali lile mara nyingi kuliko mhadhara wowote. Vitabu vyetu vimejaa maneno "ushirikishwaji wa jamii". Kwa kawaida yana maana kwamba watu wa pale waitwe kwenye mkutano, waelezwe umuhimu, kisha watoe nguvu zao. Lakini nguvu za mvuvi zina bei inayojulikana. Jumamosi ya bamvua akiwa gofuni, hayupo baharini. Mwanafunzi anayejitolea anapata cheti, uzoefu wa kuandika kwenye maombi ya kazi, na mada ya tasnifu. Neno ni moja, lakini mmoja anavuna na mwingine anatoa tu. Mvuvi aliliona hilo haraka kuliko waandishi wa ripoti.

Jumamosi ile walikuja watu kumi na mmoja. Saba walikuwa wazee. Wanne walikuwa watoto waliofuata babu zao.

Jioni fundi alikaa kwenye ngazi za msikiti akinoa panga. Alisema, "Baba yangu alilipwa hapa. Mimi nimelipwa hapa. Mwanangu anaombwa afanye bure. Sasa hebu nieleze wewe uliyesoma, gofu limepanda thamani au limeshuka?"

Jibu rahisi lingekuwa kwamba watu walipwe, basi. Na mtu anayetumia siku yake nzima kwenye ukuta alipwe, sina shaka na hilo. Lakini nyasi hazifuati bajeti. Zinaota kila masika, mradi uwepo au usiwepo. Ikiwa kinachowaleta watu gofuni ni ujira peke yake, basi siku ujira unapokoma watu wanarudi nyumbani, na wana haki. Kuna pembe za magofu nilizooneshwa ambazo ziliwahi kufyekwa vizuri wakati wa fedha, na sasa huwezi kupita bila kutanguliza fimbo kwa hofu ya nyoka.

Kilichonifumbua macho ni makaburi. Kati ya magofu kuna makaburi ya zamani ambayo baadhi ya watu wa kisiwani bado wanayatembelea. Wanapeleka ubani na marashi, wanaomba dua, wanaondoka. Wengine wanasema si sawa kidini, na mabishano hayo ni yao, si yangu. Ninachoweza kusema ni nilichokiona. Makaburi yale hayakuwa kwenye orodha ya kazi zetu, na hayakuwa na nyasi. Yalikuwa yamefagiwa. Nilipouliza nani anafagia, bibi mwenye nyumba yetu aliniangalia kama nimeuliza nani anafagia jikoni kwake.

Pale ndipo swali la mama lilipoanza kupata jibu. Wenyewe wapo. Wanatunza kile wanachokitumia, kile kinachowarudishia kitu, hata kama kitu chenyewe ni dua iliyosomwa mahali palipo sahihi. Sehemu nyingine ya mji ule wa kale tuliizungushia heshima kubwa ya dunia, tukaweka vibao, na kwa kufanya hivyo tukawaambia kimyakimya kwamba sasa ina mwenyewe mwingine.

Mimi natoka mahali pasipo na magofu. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda jengo lililojengwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Ukiisoma ukiwa Mwamapalala, unaangalia dirishani unajiuliza inalinda nini. Nyumba ya msonge ya udongo na nyasi haifiki miaka mia, na haikukusudiwa kufika. Utawala wa watemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na makazi yao mengi yamerudi kuwa mashamba. Ukitaka kuona ngoma na viti vya enzi vya watemi wa Usukuma unakwenda Bujora, karibu na Mwanza, kwenye jumba la makumbusho lililoanzishwa na Padre David Clement kutoka Kanada. Niliposoma mwaka wa kwanza niliona hili kama upungufu wetu. Wenzangu wa pwani wana mawe, sisi tuna hadithi.

Kilwa ilinibadilisha kidogo. Ukuta wa tumbawe nao haudumu wenyewe. Umedumu miaka 700 kwa sababu mara kwa mara kuna mtu alichoma chokaa. Tofauti yake na paa la nyasi la bibi yangu, lililobadilishwa kila baada ya misimu michache, ni urefu wa muda kati ya kazi na kazi. Vyote viwili vinategemea kuwepo kwa utaratibu wa kuitana.

Na utaratibu wa kuitana Wasukuma tunaujua. Vijana walikuwa na elika, kundi la kulima pamoja, lenye kiongozi wao, nsumba ntale. Walihama kutoka shamba hadi shamba, ngoma ikipigwa, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo. Bugobogobo, ngoma ya majembe inayochezwa leo kwenye sherehe za serikali na mashindano, imetoka katika kazi hiyo. Mwenye shamba alilisha watu. Asiyekuja bila sababu alijulikana, na zamu yake ilipofika aliwaona waliobaki nyumbani. Si kwamba watu wa zamani walikuwa na moyo mwema kuliko sisi. Walikuwa na hesabu. Kazi ilikuwa bila mshahara, lakini haikuwa bure, na hakuna aliyedai kwamba ni bure. Pwani wana neno lao zuri kwa jambo hilo, ujima.

Sikuwaambia watu wa Kisiwani haya. Si kazi ya mgeni wa miezi miwili kuwafundisha wenye ujima maana ya ujima. Na hawakunihitaji. Katika mkutano uliofuata, mama mmoja, mwalimu wa madrasa, aliuliza swali fupi: chokaa inayobaki inakwenda wapi?

Ilikuwa inabaki, kila tunapochoma. Si nyingi, lakini inabaki, na ukuta wa madrasa yake ulikuwa umeanza kupukutika upande wa bahari. Mafundi waliokuwa wakisugua viungo vya Msikiti Mkuu walikuwa wanapita mbele ya ukuta huo kila asubuhi. Mjadala ulikwenda hadi adhuhuri. Wengine walihofia kwamba chokaa ya mradi ikionekana kwenye jengo la kijiji patazuka maneno. Mwishowe wakakubaliana hivi. Tanuu linalofuata litachomwa na kijiji, kwa kuni za minazi iliyokwisha kufa na mawe yatakayopasuliwa na kijiji. Chokaa itagawanywa, sehemu madrasa, sehemu magofu. Fundi atafundisha vijana wanne kwenye ukuta wa madrasa, ambako wakikosea hakuna wa kuwaandikia barua. Na siku ya kufyeka Makutani, anayekuja anaandikwa kwenye daftari la kamati, ili nyumba yake ikihitaji kupigwa chokaa, daftari liseme.

Jumamosi mbili baadaye nilihesabu watu thelathini na wanne. Wanawake walikuja na mapanga na sufuria za mihogo. Mvuvi wangu alikuja pia, akafyeka kwa kasi iliyonitia wivu, akaondoka saa tatu kwa sababu maji yalikuwa yanakupwa na pweza hawasubiri. Aliniambia akipita, "Leo nimejitolea, dada. Wamenilipa muhogo." Halafu akamwendea mwenye daftari akahakikisha jina lake limeandikwa sawasawa.

Sitaki kuligeuza hili kuwa mwisho mwingine mzuri. Daftari si ulinzi dhidi ya bahari. Kuzuia mawimbi yasile ufukwe kunahitaji wahandisi na fedha, na hakuna sufuria ya mihogo itakayoshikilia ukuta wa Gereza. Kuni za tanuu nazo zina kikomo, na fundi ana miaka yake. Ninachosema ni kidogo zaidi. Kazi kubwa inaweza kufanywa na dunia kwa awamu, kila baada ya miaka kadhaa. Kazi ndogo, ile ya kila mwaka inayozuia kazi kubwa, inafanywa na walio karibu, na wataifanya ikiwa wameingizwa katika hesabu.

Desemba nilirudi Mwamapalala. Mvua zilikuwa zimeanza, ng'ombe wamenona, na watu wako kwenye kulima. Kwenye shule ya msingi niliyosoma kulikuwa na boma la darasa lililofika usawa wa madirisha. Sisi tunaita boma jengo ambalo halijaisha, na nilipolitazama, kuta zisizo na paa, nyasi ndani, nilijikuta nakagua kama kuna mche ulioota juu ya tofali. Ulikuwepo. Niliung'oa kwa mkono.

Jumatatu kitongoji kizima kiliitwa. Kila kaya ilitakiwa kuleta ndoo za maji na mchanga wa mtoni. Mwenyekiti alikaa kwenye kivuli na daftari lake, anaandika majina na idadi ya ndoo. Kaya moja ilikuwa na mgonjwa, ikasamehewa. Nyingine ilituma mtoto mdogo na kidumu cha lita tano, ikasemwa kwa sauti ya kusikika mbali. Jioni mtu alipiga ngoma kidogo, si kwa sababu ya utamaduni, ila kwa sababu ngoma ilikuwepo na watu walikuwa wamechoka. Nilibeba ndoo kumi na mbili. Hakuna aliyenishukuru kwa kujitolea. Mwenyekiti aliandika jina la mama yangu na namba 12.

Nimemweleza mama kwamba wajukuu wa Kilwa wapo, na kwamba wana daftari pia. Alionekana kuridhika zaidi na habari hiyo kuliko na picha zote za misikiti nilizomwonesha kwenye simu, ingawa picha ya tanuu aliirudia mara mbili, akauliza moto wake unakaa saa ngapi.

Mwezi uliopita fundi alinitumia ujumbe. Masika imekuwa kubwa, alisema. Upande wa Msikiti Mkuu umefyekwa, vijana wawili kati ya wanne wanaweza kuchanganya chokaa bila yeye kuangalia, mmoja ameenda Dar es Salaam kutafuta maisha, mwingine bado ana haraka. Makutani haijaguswa. Kisha akaongeza kwamba wamepitia daftari na jina langu limo: nina deni la Jumamosi mbili, zile nilizougua malaria nikalala. Boti ya asubuhi bado inaondoka saa moja.

Nimemjibu kwamba nitakuja Juni, kwa nauli yangu.